Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: mlituuliza, mkaondoka na majibu

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
Mkurugenzi wa Utafiti na Machapisho,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Maadili ya Utafiti.

YAH: MADODOSO MAWILI AMBAYO MAJIBU YAKE HAYAJARUDI KWA WALIOYATOA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo mnachokiongoza. Jina langu mnalo: liko chini ya barua tatu nilizokwisha kuzileta ofisini kwenu. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambiwa imepelekwa "kwa wahusika". Ya tatu haikupata hata muhuri; karani aliisoma yote, akanitazama kwa huruma, akanishauri nimalize kwanza masomo. Ulikuwa ushauri wa mtu mwema na niliulaza kifuani wiki kadhaa. Nimeona siwezi kuufuata, kwa sababu ambayo nitaifikia mwishoni.

Nazungumza nikiwa nimekaa pande zote mbili za dodoso. Likizo mbili mfululizo nilikuwa mdadisi katika mradi wenu wa kupima jinsi kaya za vijijini zinavyoathirika na mabadiliko ya tabianchi. Kati ya likizo hizo mbili nikageuka mhojiwa: nilijaza dodoso lenu la maoni ya wanafunzi kuhusu akili mnemba katika kujifunza (wengine huiita akili unde, nami sina ugomvi na jina). Huko kijijini na hapa darasani nilikuta mtindo mmoja. Mtu anaulizwa, anajibu kwa uaminifu, majibu yanabebwa, kisha uamuzi unatoka kana kwamba hakusema kitu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kaya tulizozihoji hazijui tuliandika nini juu yao

Mahojiano ya kaya moja yalizidi saa nzima. Tuliuliza wangapi wanaishi humo, wangapi ni watoto na wazee, maji yako mwendo wa dakika ngapi, miezi mingapi kwa mwaka chakula hakitoshi, mbegu mnahifadhi au mnanunua, nani alikukopesha mwezi uliopita na wewe ulimkopesha nani, mafuriko au ukame umewapata mara ngapi. Hayo si maswali mepesi. Mtu akikuhesabia miezi ambayo watoto wake hulala bila kushiba, amekufunulia aibu yake akitumaini unajua la kuifanyia.

Katika awamu ya pili, mama mmoja alisimamisha mahojiano mara mbili ili ambembeleze mtoto. Aliporudi mara ya pili hakukaa. Alisema: "Mwanangu, mwaka jana alikuja mwenzako na maswali haya haya. Yale ya mwaka jana yalisemaje?"

Sikuwa na la kumwambia. Kishikwambi nilichoshika kilikuwa na mahali pa kuandika jibu lake, hakikuwa na mahali pa kuandika swali lake. Nililiandika kwenye nafasi ya maoni ya mdadisi. Jioni, msimamizi wangu aliniambia nilifute, kwa kuwa "si sehemu ya chombo", yaani dodoso.

Fomu ya ridhaa tuliyowasomea inasema matokeo "yatawanufaisha wanajamii". Nyie mliiandika, lakini mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, mlango kwa mlango. Kwao ahadi ile ni yangu.

Azimio la Helsinki, katika toleo lake la mwaka 2013, linasema kwamba watu wote wanaoshiriki utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake ya jumla. Najua mtaniambia kwamba azimio hilo ni la madaktari. Sawa. Ila sioni kwa nini anayepimwa damu awe na haki ya kuambiwa majibu, na anayepimwa njaa asiwe nayo. Na kama mnataka maandishi yanayohusu tabianchi hasa, Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, kifungu cha 7, aya ya 5, unataka hatua za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ziwe shirikishi na za uwazi, zikizingatia makundi yaliyo hatarini zaidi na, inapofaa, maarifa ya jadi na ya wenyeji. Mkataba huo mmeutaja ninyi wenyewe katika ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi.

2. Namba tuliyoitengeneza inaficha kile tulichoambiwa

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana wengi watakaosoma barua hii hawajawahi kuona jikoni mwa fahirisi, yaani namba moja inayojumlisha majibu mengi.

Chombo chetu kimetokana na fahirisi ya kuathirika kwa maisha ya kaya ambayo Hahn, Riederer na Foster waliichapisha mwaka 2009 kutokana na kazi yao katika wilaya za Moma na Mabote, Msumbiji. Ina mafungu makuu saba: hali ya watu katika kaya, njia za kujipatia riziki, mahusiano ya kijamii, afya, chakula, maji, na majanga pamoja na mabadiliko ya hali ya hewa. Ni kazi nzuri. Ilikusudiwa kuwasaidia wapangaji waone eneo lipi linaumia na kwa sababu ipi, bila kungoja mitambo ya gharama. Mimi siilaumu. Naulaumu mkono unaoitumia bila kueleza inafanya nini na inashindwa wapi.

Kila jibu hugeuzwa kuwa kati ya 0 na 1. Unachukua thamani ya kaya, unatoa ile ya chini kabisa katika sampuli, kisha unagawa kwa tofauti kati ya ya juu kabisa na ya chini kabisa. Tuseme kaya tatu huenda kuchota maji kwa dakika 30, 60 na 150. Zinakuwa 0, 0.25 na 1. Mwaka unaofuata visima vinakauka na mwendo unaongezeka maradufu kwa wote: 60, 120 na 300. Piga hesabu tena kwa kutumia sampuli mpya. Ni 0, 0.25 na 1. Namba haijasogea hata nukta, ilhali kuna mtu anatembea saa tano.

Ndivyo ilivyofanyika kwetu. Awamu ya pili ilisanifishwa, yaani iligeuzwa kuwa kati ya 0 na 1, kwa viwango vyake yenyewe, na muhtasari ukaandika kwamba hali ya maji "haikuonesha mabadiliko makubwa". Niliwatumia hesabu hii katika barua ya pili. Haikuhitaji kikao, ilihitaji mtu mmoja na kalamu.

Kisha kuna alama zenye mtego wa maana. Kaya inayokopa kuliko inavyokopesha huhesabiwa imelemewa. Pengine ni kweli. Lakini katika vikundi vya kuweka na kukopa nilivyovikuta, anayekopeshwa ni yule anayeaminika. Aliyeishiwa kabisa hakopeshwi na mtu, na kwenye karatasi yetu anaonekana mtulivu. Kaya ambayo haikwenda serikalini kuomba msaada kwa miezi 12 nayo hupata alama ya kutengwa. Mzee mmoja alinijibu, "Nimekwenda miaka tisa, mwaka huu nimepumzika." Nilibofya "Hapana". Kaya inayoongozwa na mwanamke huongezewa alama ya udhaifu hata kabla hajafungua kinywa, na mume akiwa mbali zaidi ya miezi sita kwa mwaka mke ndiye huandikwa mkuu wa kaya. Nielewe vizuri: mwanamke asiye na hati ya shamba ana hatari ambayo ni ya kweli. Ila hatari hiyo ipo kwenye hati, na dodoso letu halikuuliza hati ni ya nani.

Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuwa watu kati ya bilioni 3.3 na 3.6 wanaishi katika mazingira yaliyo hatarini sana, na kwamba kati ya 2010 na 2020 vifo vitokanavyo na mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi katika maeneo yaliyo hatarini sana kuliko katika yale yenye hatari ndogo kabisa. Mvua kubwa ile ile, basi, inaua hapa na kulowesha pale. Tofauti hiyo ndiyo tuliyotumwa kuitafuta. Ukiipima vibaya, unapeleka mbegu kwa mwenye kiu.

3. Mlitaka maoni yetu kuhusu akili mnemba, mkaamua kabla hatujamaliza kujibu

Dodoso la wanafunzi lilikuwa la ngazi tano zile tunazozijua sote, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", mtindo uliotokana na kazi ya Rensis Likert mwaka 1932. Maswali yake yalifuata kielelezo cha Fred Davis cha mwaka 1989: je, unaona chombo hiki kina manufaa? Je, unaona ni rahisi kukitumia? Kielelezo hicho kilitungwa kuelewa kwa nini wafanyakazi wa ofisini wanazikubali au kuzikataa programu za kompyuta. Kwa kazi hiyo kinafaa. Kwa yetu kimeacha nusu ya habari nje ya mlango.

Hamkuuliza bando linalipwa na nani. Hamkuuliza nani anaandika tasnifu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hamkuuliza tunaitumia kwa lugha gani na inatujibu vipi tukiitumia kwa Kiswahili. Hamkuuliza tungekataa nini. Mwenzangu mmoja huiomba imweleze nadharia moja mara tatu, kwa kuwa darasani ameona aibu kunyoosha mkono mara ya pili. Mwingine aliitumia muhula mzima akaacha, akasema alipoisoma kazi yake hakujisikia humo. Wa tatu hajawahi kuigusa na hataki. Wote watatu, kwenye ngazi zenu tano, waliishia "sina uhakika", na hilo si jibu la hata mmoja wao.

Na kuna jambo ambalo madodoso mawili yangeweza kuambiana kama yangekutanishwa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2024 intaneti ilitumiwa na asilimia 83 ya wakazi wa mijini duniani na asilimia 48 ya wakazi wa vijijini. Kaya tunazozipima kule ndizo zinazowaleta baadhi yetu hapa. Mvua ikikatika, ada huchelewa. Ada ikichelewa, kitu huuzwa. Mwaka wangu wa pili kilichouzwa kwanza ni simu yangu. Kwa hiyo ninapomsikia mhadhiri akisema "kila mwanafunzi anatumia akili mnemba siku hizi", na mwingine akisema dawa ni kuipiga marufuku, nasikia watu wawili wanaobishana juu ya chumba ambacho hawajakiingia.

Tangazo la kupiga marufuku "matumizi ya aina yoyote" lilibandikwa wiki moja kabla ya dodoso kufungwa. Nilikuwa nimefika swali la ishirini na kitu. Nilimaliza tu kwa sababu nilifundishwa kumaliza nilichoanza.

Si ninyi wa kwanza kukimbilia kufuli. Shule za umma za jiji la New York ziliizuia ChatGPT, programu ya akili mnemba, Januari 2023, wiki chache tu baada ya kutolewa tarehe 30 Novemba 2022, na kufikia Mei zikaondoa zuio hilo. Na si ninyi wa kwanza kukosa mwongozo: UNESCO ilipouliza shule na vyuo vikuu zaidi ya 450 mwaka 2023, ilikuta chini ya asilimia 10 ndivyo vilivyokuwa na sera au mwongozo rasmi. Lakini Septemba mwaka huo huo UNESCO ikatoa mwongozo, na mwaka 2024 ikatoa mifumo ya umahiri wa akili mnemba kwa wanafunzi na kwa walimu. Kisingizio cha kwamba hakuna pa kuanzia kimekwisha muda wake.

4. Wenzetu wanahukumiwa na mashine ambayo haiwezi kuhojiwa

Baada ya marufuku ikaja programu ya kubaini maandishi ya akili mnemba. Wanafunzi wameitwa mbele ya kamati wakionyeshwa asilimia kwenye karatasi, bila kuulizwa swali hata moja kuhusu kazi yenyewe. Mmoja wao nilimwona akiandika kazi hiyo, mezani, kwa kalamu, kabla ya kwenda kuichapa.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61.3 ya insha hizo zilidaiwa kuandikwa na mashine. Sababu yake si siri: programu hizi hutazama kama maneno yanayofuatana yanatabirika kwa urahisi, na anayeandika kwa lugha aliyojifunza shuleni hushika maneno anayoyajua na sentensi alizofundishwa. Kwa maneno mengine, zinamkamata mtu kwa kuandika kwa uangalifu. OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa programu yake ya kubaini Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima chombo cha namna hiyo mwezi uliofuata.

Mwenye kiwanda amesema mizani yake ni mbovu. Sisi bado tunapima nayo watu.

5. Sauti za wazee zilipitishwa kwenye mashine ile ile mnayotukataza

Hili nililijua kwa bahati, na ndilo lililonitoa usingizini.

Katika awamu ya pili tulirekodi maelezo ya wazee kuhusu jinsi misimu ilivyobadilika. Mzee mmoja alieleza kwa muda mrefu jinsi upepo uliokuwa ukitangulia mvua sasa unafika na kurudi mikono mitupu, jinsi maji ya mto yalivyokuwa yakipanda taratibu na sasa yanakuja usiku mmoja, na kwa nini ameacha kupanda bondeni ingawa ndiko kwenye udongo mzuri. Ilikuwa rekodi bora kuliko zote nilizozifanya.

Katika muhtasari wa ndani nikasoma: "Wahojiwa wengi wanaonesha uelewa mdogo wa mabadiliko ya tabianchi." Nikauliza nani alizisikiliza rekodi. Nikaambiwa, bila kificho, kwamba maandishi yake yaliingizwa kwenye programu ya akili mnemba, ikayatafsiri na kuyafupisha, kwani muda ulikuwa mfinyu. Mzee hakutamka neno "tabianchi" hata mara moja. Alizungumzia mvua, upepo, mto na udongo. Inaonekana hilo lilitosha kumfelisha.

Fomu ya ridhaa haikusema chochote kuhusu mashine. Wala sijui, na mzee hajui, maneno yake sasa yanakaa kwenye kompyuta ya nani. Mwanafunzi akiifupisha makala kwa akili mnemba anaitwa mdanganyifu. Mradi ukifupisha uzee wa watu, mnaita nini?

Waheshimiwa, nimekaa na maofisa wenu vya kutosha kuyajua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu mapema ili tusipotezeane muda.

Mtasema bajeti ya mradi haina fungu la kurudisha matokeo. Ina fungu la mikutano ya kimataifa na fungu la ada za machapisho; nimeziona safu hizo kwa macho yangu nilipokuwa nikijaza fomu za posho. Sisemi ziondolewe. Gari linalowapeleka wadadisi awamu ya tatu linapita njia hiyo hiyo. Liwabebee wanakijiji pia majibu ya awamu ya pili.

Mtasema wanavijiji hawataelewa takwimu. Kimbunga cha Bhola cha mwaka 1970 kinakadiriwa kuua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa kujiandaa kwa vimbunga, wenye watu wa kujitolea wanaofikisha onyo kwa vipaza sauti na bendera, na baadaye yakajengwa majengo ya kujihifadhi. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007, kikali mno nacho, kiliua zaidi ya watu 3,000. Ni wengi sana, lakini linganisheni. Hakuna aliyewafundisha wale watu hesabu za hali ya hewa. Waliambiwa jambo linalowahusu, kwa namna wanayoitumia, kwa wakati. Umoja wa Mataifa nao umeahidi kuwa kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe analindwa na mifumo ya tahadhari za mapema. Onyo halitamfikia mama ambaye dodoso lenu tayari linajua kwamba hana simu wala redio, iwapo habari hiyo inabaki kwenye seva yenu.

Mtasema ni siri za wahojiwa. Sijaomba majina yabandikwe ukutani. Wastani wa kijiji hauna jina la mtu, na kaya ikitaka kuona majibu yake yenyewe, siri hiyo tunamficha nani?

Kuhusu akili mnemba mtasema mnalinda hadhi ya shahada. Hapo niko nanyi zaidi mnavyodhani. Wapo wenzangu wanaowasilisha kazi wasizoweza kuzieleza, na shahada yao itakuwa na bei sawa na yangu. Nami sijifanyi malaika: ile kanuni ya kusanifisha niliyoieleza juu, nilieleweshwa mara ya kwanza na akili mnemba, usiku, baada ya kuisoma mara nyingi bila kuiona. Kisha nikaihakiki kwa mkono, na ndipo nikagundua kasoro ya dakika 30, 60 na 150, ambayo mashine haikunitajia. Mwanafunzi anayejua kazi yake mtambueni kwa kumwuliza. Dakika kumi za maswali ana kwa ana zinatosha kumtenga aliyejifunza na aliyenakili. (Na kabla hamjaipitisha barua hii kwenye programu yenu: rasimu zake nne za mkono ninazo, na mwandiko wangu mbaya mnaujua.)

Naomba, kwa heshima zote, yafuatayo:

(a) Kabla ya awamu ya tatu kuanza, matokeo ya awamu mbili zilizopita yarudishwe katika kila kijiji kilichohojiwa, kwa mkutano wa wazi, kwa lugha ya wenyeji, na nakala iachwe. Matokeo yatolewe kwa vipimo vyake halisi, yaani dakika za kufuata maji na miezi ya upungufu wa chakula, pamoja na fahirisi.

(b) Awamu zote zisanifishwe kwa viwango vya pamoja, na sentensi inayodai hali ya maji haikubadilika ifutwe hadi hesabu irudiwe. Dodoso liongezwe sehemu moja: maswali ya mhojiwa kwetu.

(c) Rekodi za wazee zisikilizwe na watu. Tamko la "uelewa mdogo" liondolewe hadi hapo. Fomu ya ridhaa iseme wazi kama maneno ya mtu yatapitishwa kwenye akili mnemba, na anayekataa akubaliwe.

(d) Matokeo ya dodoso la wanafunzi yatangazwe, marufuku ya jumla isimamishwe, na kanuni mpya iandikwe na jopo lenye wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, wakiwemo wasio na kompyuta.

(e) Asiadhibiwe mwanafunzi yeyote kwa asilimia ya programu peke yake, na waliokwisha kuadhibiwa kwa njia hiyo wahojiwe upya kuhusu kazi zao.

Sasa sababu niliyosema nitaifikia. Awamu ya tatu imepangwa kuanza mara baada ya mitihani. Orodha ya wadadisi imetoka, nami nimo, na nimepangiwa kaya zile zile. Nyumba ya yule mama ni ya nne kutoka njia kuu. Najua atauliza hata kabla sijafungua kishikwambi. Naomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya siku ya kuondoka, nijue nitakachomwambia.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na mdadisi wa awamu ya kwanza na ya pili

Nakala: Serikali ya wanafunzi, ofisi za vijiji vilivyohojiwa, wadadisi wote wa awamu ya tatu.